Fahali wa Mjomba Wabwile

Kitale
9 Februari 1952

Kaka yangu Wabwile,

Mulembe. Mulembe kwa wifi yangu Jentrix na kwa watoto mmoja mmoja, hadi yule aliye mgongoni. Sisi huku tu wazima. Kiangazi kimekausha kila kitu, vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Mzungu wetu ameongeza ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo Wekoye anatoka nyumbani kabla sijamwona uso na anarudi akinuka zizi. Namwambia siku hizi ameoa ng'ombe na mimi nimebaki mpishi wao. Anacheka, anakula, analala. Jirani yangu Chesang amejifungua msichana mwenye mapafu ya tarumbeta, na sisi wote wa mstari huu wa nyumba hatulali.

Sasa nisikilize. Mukhisa amesema mwenyewe, mbele ya baba yake, kwamba mwezi wa nane mwaka huu anataka kutahiriwa. Hatukumsukuma. Tayari amepata zile njuga za chuma za kugonga kwenye bangili, na mchana kutwa ni kelele. Wekoye ameomba ruhusa kwa mzungu na amekubaliwa. Tutakuja nyumbani kwa baba mkwe, na mtoto atakatwa huko kama inavyotakiwa.

Wewe ndiye mjomba wake, na mimi ni dada yako wa tumbo moja. Kazi yako unaijua. Siku moja kabla, fahali anachinjwa uani kwako, watu wanakula, nawe unamvisha mtoto luliki shingoni, ile nyama ya kidari, kwa mkono wako. Kisha anarudi kwa baba yake akiimba ili njia nzima ione kwamba mama yake ana kwao. Mimi huku nimekwisha kujigamba. Chesang ananiita "dada ya Baraza," nami simkatazi.

Lakini nasikia umeacha Baraza. Nimesikia kwa watu wa lori, sikusikia kwako. Ni kweli? Nakumbuka ulipochaguliwa, walivyokubeba mabegani kutoka uwanja wa kanisa hadi nyumbani, na mama, Mungu amrehemu, akapiga mayowe akidhani umevunjika mguu. Niandikie.

Dada yako,
Edah Nakhungu


Bungoma
2 Aprili 1952

Mpendwa dada Nakhungu,

Kwa heshima nyingi natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na shemeji Wekoye na jamii nzima. Sisi hatujambo. Mvua imeanza vizuri. Mtoto wa pili alikuwa na surua lakini sasa anacheza. Jentrix anakusalimu na anauliza kama kitambaa cha maua nilichokutumia mwaka jana ulikishona gauni au bado kiko sandukuni.

Unisamehe kuchelewa. Mambo ni mengi. Ni kweli kwamba nimeacha Baraza. Mtu akiwatumikia watu miaka hiyo yote, akasema juu ya barabara, shule na dawa za ng'ombe, hufika wakati akapaswa kutazama nyumba yake. Siasa, dada, ni kazi ya kuwasemea watu ambao kesho watakusema wewe. Mimi sasa ni mfanyabiashara. Nina ploti ya kona katika soko jipya, duka la mabati lenye sakafu ya saruji, na nyuma yake mashine ya kusaga mahindi, ya injini, hakuna nyingine kama hiyo upande huu wa reli. Mwafrika lazima aingie katika biashara, la sivyo tutanunua chumvi kwa Mhindi mpaka siku ya kiyama.

Kuhusu jambo la Mukhisa, nimefurahi sana. Ila nimefikiri kama mtu mwenye kuona mbele. Sisi ni Wakristo. Siku hizi vijana wengi wa kanisa wanapelekwa hospitalini, kunatumika dawa na kisu safi, hakuna kelele, hakuna mikusanyiko. Hapo Kitale mna hospitali nzuri. Gharama zote niachieni mimi. Zungumza na shemeji.

Natuma sukari na blanketi kwa lori la Rotich, yule dereva anayepita huko kwenu kuchukua magunia.

Ni mimi kaka yako,
Ezekieli Wabwile


Kitale
20 Aprili 1952

Kaka yangu,

Mulembe. Sukari imefika, blanketi limefika. Asante, na kitambaa nilishona gauni, nalivaa kanisani, wanawake wa hapa wananigusa mkono wa nguo na kuuliza bei. Mtoto wa Chesang bado analia. Mimi nilitegua kifundo cha mguu kwenye matope lakini natembea.

Hospitali? Kaka, umeanza lini? Mwaka ule mtoto wa jirani yetu wa huko nyumbani alipotahiriwa, si wewe ulicheza mpaka kiatu chako cha Baraza kikaachana na soli, na mzee wa kanisa akakuita kukuonya? Ulimjibu mbele ya watu wote kwamba Mungu hakuumba Wabukusu kwa makosa. Maneno hayo yalifika mpaka huku Kitale. Sasa ati kelele, ati mikusanyiko. Mtu aliyekula miaka yote hiyo kwa mikusanyiko leo anaiogopa?

Wekoye nilipomsomea barua yako alisema, "Ndugu yako hataki kutuchinjia. Aseme tu." Nilimkasirikia. Nilimwambia wewe huwezi kukataa jambo kama hilo, labda fahali hajapatikana. Kama ni fahali, sema. Hata akiwa mdogo na mwenye pembe moja, sisi tutaimba vilevile.

Tena umeniandikia habari za kila mtu isipokuwa Wepukhulu. Mtoto wa baba mdogo, uliyelala naye kitanda kimoja utotoni, mbona humtaji? Hilo soko jipya si ndipo shamba lake lilipokuwa, pale tambarare karibu na kijito? Yeye amepewa ploti gani? Natumaini mko jirani. Mwambie mkewe nilipata mbegu za mboga alizonipelekea.

Nakhungu


Bungoma
30 Mei 1952

Dada Nakhungu,

Salamu. Sisi wazima. Mahindi yamefika magotini.

Sikukataa kuchinja. Fahali ninaye, mweusi mwenye doa jeupe, mnono, na mtu yeyote akimwona atajua ametoka kwa nani. Nimeona hivi: siku ikikaribia nitamtuma kwa lori mpaka kwa baba mkwe wako. Achinjwe huko huko uani kwao, watu wamle huko, wasihangaike kuja kwangu. Duka liko wazi kila siku na uwanja wangu ni mdogo. Nyama ni ile ile.

Wepukhulu yupo. Wale waliokuwa pale tambarare walihamishwa na Baraza kwa mpango wa soko. Ni uamuzi wa Baraza.

Shemeji Wekoye alipita hapa juzi alipokuja kumwona baba yake. Tulimkaribisha, akala vizuri.

Kaka yako,
E. Wabwile


Kitale
22 Juni 1952

Kaka,

Mulembe kwa Jentrix na watoto. Huku ni mvua na matope. Mukhisa ameanza kwenda kuwaalika ndugu walioko mashamba ya jirani, anarudi miguu imejaa miiba na sauti imekauka, na ana furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Anaimba jina lako. Njia nzima anaimba kwamba anakwenda kwa mjomba Wabwile, mwenye mashine inayonguruma. Jina hilo la mashine amelitunga yeye.

Fahali wako usimtume. Umewahi kuona wapi fahali wa mjomba akachinjiwa kwa baba? Hapo ni sawa na kuwaambia watu kwamba mama wa mtoto aliokotwa barabarani. Wewe unalijua hilo. Unalijua vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana barua yako ilinitia hofu. Nikamwuliza Wekoye aniambie yote aliyoyaona kwako.

Alisema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Nakhungu, si nimeona maajabu. Wamama wanapita pale mlangoni kwake na vikapu ya mahindi kichwani, hawageuki hata kuangalia hiyo mashine. Wanaenda mpaka Bungoma mjini kwa Mhindi, na kurudi ni jioni. Nikauliza mmoja, mama, hapa si karibu? Akasema, hatuwezi kula unga ya hapo."

Akaniambia ulivyomwandalia kuku na ugali, nawe hukula. Uliketi ukamtazama yeye anavyokula, tonge kwa tonge, mpaka akaona haya. Jentrix alisimama mlangoni akamtazama pia. Alidhani labda mmemwekea kitu. Nilicheka aliposema hivyo, kisha kicheko kikanikauka.

Halafu alikwenda kwa Wepukhulu. Hayuko tambarare tena. Amejenga kule juu kwenye mawe, mahali alipoazimwa na wakwe zake, na mahindi yake yamekuwa ya njano. Wepukhulu hakukusema vibaya. Ni mkewe aliyesema. Kwamba wewe ulikuwa katika kamati ya kugawa ploti. Kwamba uliwakusanya wenye maboma yote matano ya tambarare chini ya paa la kanisa, ukawaapia kwa jina la baba yetu kwamba kila aliyehamishwa atapewa ploti yake sokoni. Na kwamba majina yalipotoka, hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo, ila kona, pale penyewe palipokuwa na nyumba ya Wepukhulu, palikuwa pako. Kwamba msibani kwa mama mkwe wako ulichinja ng'ombe wawili, watu wakazika, wakanawa mikono, wakaondoka wote bila kugusa nyama.

Kaka, niambie ni uongo. Nitakuamini. Nilikwenda kwa Chesang nikiwa nimevaa lile gauni, akaniita "dada ya Baraza" kama kawaida yake, nikahisi watu wote wa shamba hili wamejua. Nililivua gauni nikalikunja. Naona aibu, na sijafanya kitu.

Andika.

Nakhungu


Bungoma
13 Julai 1952

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Jentrix amechoka kuokota karatasi.

Hujui jinsi mambo ya Baraza yanavyokwenda. Kamati ina watu wengi. Palikuwa na mapendekezo, palikuwa na ramani, palikuwa na wakubwa waliotaka soko liwe la watu wenye uwezo wa kujenga kwa saruji. Wepukhulu angejenga kwa nini? Udongo? Ploti ingenyang'anywa mwaka ule ule. Nilifikiri heri iwe mkononi mwa mtu wa ukoo wetu kuliko kwenda kwa mgeni, na nilikuwa na nia ya kumweka dukani awe mwangalizi. Nilimwambia. Alinitazama tu.

Lakini hayo ya kula, ndiyo. Ni kweli. Hawali kwangu. Hawakukutana kukubaliana, hakuna mzee aliyetangaza, na hilo ndilo linalonimaliza. Wananisalimu vizuri, wanauliza habari za watoto. Ukiwaambia karibuni chakula, wote wameshiba. Watoto wao wakipewa peremende na wangu, wanazishika mkononi mpaka wafike kona, kisha wanazitupa. Jentrix aliokota moja akaniletea. Naiwasha mashine asubuhi, nasaga mahindi yangu mwenyewe, nazima. Wateja wangu ni wasafiri wasionijua.

Sasa unaelewa kwa nini nilisema hospitali. Nikichinja fahali uani kwangu, nani atakula? Mtoto atasimama pale na nyama shingoni, uwanja mtupu, mbwa tu. Utaona hilo kwa macho yako, na Wekoye ataliona, na ukoo wa mume wako utaliona. Mimi nilizoea kusimama mbele ya watu elfu moja bila karatasi mkononi. Sasa nikiona watu watatu wamesimama pamoja, napita nyuma ya maduka. Ninaona haya, Nakhungu. Ninaona haya hata kwa mke wangu.

Usimwambie Mukhisa.

Wabwile


Kitale
21 Julai 1952

Kaka,

Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikairudia nikitafuta kitu kimoja, sikukipata. Umeandika Baraza, umeandika kamati, ramani, wakubwa. Hujaandika ulichofanya wewe.

Fahali wako bado anaweza kuliwa. Nenda kwa Wepukhulu. Usiende na sukari wala blanketi, na usiende na Rotich na lori. Nenda kwa miguu, umwambie neno lenyewe, kisha umrudishie pale palipo pake, hata kama ni nusu, hata kama ni nyuma ya duka. Hao watu hawakuchukii. Wangekuchukia wangekutukana. Wanasubiri usikie. Ukishasema, Wepukhulu atakuja kuketi uani kwako, na akiketi yeye wote watakuja. Namjua, nawe unamjua.

Tutafika kwa baba mkwe wiki ya pili ya Agosti. Ukiwa umesema, tuma mtu aje kuniambia, mtoto aje kwako. Usipotuma, Wepukhulu naye ni mjomba wa mtoto wangu. Baba yake na baba yetu walizaliwa na mama mmoja, na wazee wa Wekoye wamekubali kwamba inafaa. Mke wa Wepukhulu amekwisha kunitumia habari kwamba wana dume mmoja, yule wanayelimia, na kwamba Wepukhulu mwenyewe ndiye aliyesema asiuzwe kwanza mpaka ijulikane wewe utafanya nini.

Mimi nakuomba. Mukhisa bado anaimba jina lako.

Nakhungu


Nyumbani kwa baba mkwe, Kabuchai
18 Agosti 1952

Kaka Wabwile,

Mulembe kwa Jentrix na watoto.

Mtu wako hakuja. Nilikaa mlangoni nikimtazamia mpaka wenye nyumba wakaniambia niingie ndani.

Mtoto alikwenda kwa Wepukhulu. Wewe unajua, maana njia ni moja. Tulipofika sokoni waimbaji walipunguza mwendo. Mukhisa alikuwa mbele akigonga njuga, akasimama kwenye njia panda inayoingia kwako na kunitazama. Nilikuwa sijamwambia chochote mpaka asubuhi hiyo, na hata asubuhi hiyo nilimwambia tu kwamba mjomba Wabwile hawezi. Nilimwonyesha kwa mkono: juu. Wakati huo mashine yako ikawaka. Watu wakacheka, mmoja akasema, "Leo amepata mteja." Mimi nilikuwa karibu na dirisha nikaiona. Hapakuwa na mahindi ndani, mawe yalikuwa yanasagana yenyewe, na wewe ulikuwa umesimama umeupa mlango mgongo, mikono masikioni.

Sikumwambia mtu.

Kule juu watu walikuwa wengi kuliko mawe. Wepukhulu alichinja dume wake wa kulimia. Wakati wa kumvisha mtoto luliki, mjomba husema lililo moyoni, hata matusi kwa baba wa mtoto, wewe unajua. Wote tulingoja akuseme. Alisema, "Mukhisa, nyama hii ni ya wajomba zako wote. Hata wale ambao hawajafika." Basi. Watu wakala mpaka mifupa.

Alfajiri yake Mukhisa alisimama, hakupepesa jicho. Amelala sasa, ana homa kidogo lakini anakula. Tutabaki hapa mpaka apone vizuri, kisha Wekoye atatangulia Kitale maana ruhusa yake inaisha.

Jana aliniuliza kama mjomba Wabwile ni mgonjwa. Nilisema ndiyo.

Edah Nakhungu


Bungoma
31 Agosti 1952

Dada yangu Nakhungu,

Natumaini mtoto hana homa tena. Mwambie nimesikia hakupepesa. Huku hatujambo. Mawe ya mashine yameharibika na sijaita fundi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Wepukhulu. Nilikwenda kwa miguu kama ulivyosema. Alikuwa anachimba kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, kwa sababu hana tena cha kulimia. Aliponiona aliacha jembe, akanitolea kiti, mkewe akaleta uji. Uji wao, dada, walininywesha. Nikaketi. Nikauliza habari za mvua. Akanijibu. Nikauliza habari za watoto. Akanijibu. Kisha akasema, "Wabwile, umepanda mlima huu wote. Umekuja kusema nini?"

Mimi niliyezungumza na wakubwa wa serikali bila karatasi, nikasema nimekuja kuwasalimu tu. Akasema asante. Akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba, akarudi kulima.

Nimeshinda siku zote hizi nikilitafuta neno lenyewe linavyoanza. Kila nikianza linageuka kuwa hotuba, linaanza na Baraza. Usiku huu, kabla Jentrix hajaamka, nimesema nijaribu kuliandika kwanza, nione kama mkono utakubali.

Wepukhulu, ni mimi niliyefuta jina lako nikaandika langu.

Mkono umekubali. Nakwenda kuvaa viatu.

Wabwile